DAB+ inakatakata? Anza na antena

Redio ya FM mawimbi yakipungua hukupa taarifa mapema: inakwaruza, inavuma, nawe unazungusha antena mpaka itulie. DAB+, mfumo wa redio ya kidijitali, haina adabu hiyo. Mawimbi hushuka na kushuka huku sauti ikiwa safi vilevile, kisha ghafla inaanza kukatakata kama mtu anayeongea huku anasukutua maji, halafu kimya. Kwa hiyo sikio halifai kulenga antena. Tumia kipimo kilichomo ndani ya redio: bonyeza INFO au MENU mara kadhaa hadi uone mistari ya nguvu ya mawimbi, au namba ya makosa (hiyo ndogo ndiyo nzuri).

Lakini kwanza hakikisha redio yenyewe inaijua DAB+. DAB ya awali ilibana sauti kwa MP2. DAB+, iliyokuja 2007, hutumia njia nyingine ya kubana, HE-AAC. Redio ya zamani huweza kuonyesha jina la kituo bila kutoa hata chembe ya sauti. Ukiona hivyo usihangaike na antena, tatizo haliko huko. Vilevile DAB+ si DRM, mfumo mwingine wa redio ya kidijitali ambao unaweza kupita kwenye masafa mafupi na ya kati, wala si HD Radio, mfumo wa kidijitali wa Marekani. Kabla ya kununua, uliza mahali ulipo wanarusha kwa mfumo gani.

Sasa antena ya kuvuta. Wengi huivuta yote kwa mazoea ya FM, inayotaka kama sentimita 75. DAB+ iko kati ya megahezi 174 na 240, na inataka kama sentimita 35 tu. Isimamishe wima, kwa sababu minara ya DAB+ kwa kawaida hurusha mawimbi yaliyosimama wima. Weka redio karibu na dirisha, kisha isogeze sentimita 30 kwa wakati mmoja, ukisubiri sekunde chache kila mara, maana kipimo huchelewa. Mawimbi yanayodunda ukutani huacha mabonde na vilele ndani ya chumba. Hatua hiyo fupi inatosha kukutoa bondeni. Ukipata mahali pazuri, tafuta vituo upya kwa kuchagua Full Scan.

Vituo vinapopotea, angalia vinapotea vipi. DAB+ husafirisha vituo kwa mafungu: fungu moja huchukua upana wa megahezi 1.536 na kubeba vituo vingi pamoja. Fungu zima likitoweka, mawimbi yake hayakufikii. Kikitoweka kimoja tu na wenzake wapo, huenda kimehamia fungu jingine, tafuta upya.

Adui mwingine yumo ndani ya nyumba: chaja za simu na balbu za LED za bei rahisi. Tia redio betri, zima kifaa kimoja baada ya kingine huku ukitazama kipimo. Chaja ya redio yenyewe nayo haijasalimika, ichomoe pia.

Bado? Tengeneza antena, mradi redio ina tundu la antena ya nje. Unahitaji:

- vipande viwili vya waya mgumu wa shaba wa milimita za mraba 2.5, sentimita 34 kila kimoja
- kebo ya antena ya TV ya ohmu 75, na plagi inayolingana na tundu la redio
- bomba la plastiki la sentimita 80

Funga waya mmoja juu ya bomba na mwingine chini, katikati ukiacha nafasi ya sentimita 1 hadi 2. Uti wa kati wa kebo uchomelee kwenye waya wa juu, wavu wake kwenye waya wa chini. Hapa ndipo kazi huharibika: unyuzi mmoja tu wa wavu ukigusa uti, antena imekufa, na kwa macho huoni kitu. Pima kwa multimita kabla ya kuziba kwa silikoni. Kebo itoke kwa ubavu angalau nusu mita kabla ya kuteremka. Ikishuka sambamba na waya wa chini, inavuruga upokeaji.

Sentimita 34 ni wastani wa masafa yote. Ukijua chaneli (masafa) ya fungu unalolitaka, gawa 7125 kwa megahezi zake upate sentimita za kila waya: chaneli 12C iko megahezi 227.360, basi ni 31. 5A iko 174.928, basi ni 41 hivi. Isimamishe wima, nje, juu kadiri inavyowezekana na mbali na nyaya za umeme. Chini ya paa la bati usiiweke.

Kuhusu FM, usiitupe bado. Norwei iliondoa vituo vya kitaifa kwenye FM mwaka 2017, lakini vituo vingi vidogo vya maeneo vilibaki. Umoja wa Ulaya nao unataka redio za magari mapya, tangu Desemba 2020, ziweze kupokea matangazo ya kidijitali kutoka minara ya ardhini. Chagua redio yenye DAB+ na FM pamoja. Na ukiwasha redio mbili nyumba moja kwenye kituo kimoja, moja FM na nyingine DAB+, DAB+ itachelewa sekunde kadhaa nyuma ya FM. Redio haijaharibika: kubana sauti na kuifungua huchukua muda. Ila saa yako usiirekebishe kwa mlio wake wa saa.