Somo: Kuiga Minimoog kwa Sampuli za Sauti

Minimoog, sintesaiza (kinanda cha kielektroniki kinachounda sauti) iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1970, hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na ukubwa wa sauti yake haubadiliki hata ukikibonyeza kitufe kwa nguvu. Asiyezingatia mambo hayo mawili hatafika, hata awe na sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) bora kiasi gani.

Hatua ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo muhimu kuliko zote, ni kuchagua sampuli zilizorekodiwa filta, yaani sehemu inayokata masafa ya juu ya sauti, ikiwa wazi kabisa. Sampuli iliyorekodiwa pamoja na mwendo wa filta, ikishushwa oktava moja kwa kupunguzwa kasi, hupunguza na mwendo huo kwa nusu, na sikio hugundua mara moja. Mwendo huo utengeneze mwenyewe ndani ya programu, kwa filta inayokata desibeli 24 kwa kila oktava, kama ya Minimoog.

Hatua ya pili, tenga sampuli kadhaa kwa kila noti, nazo zipigwe kwa zamu. Oskileta tatu za mashine hiyo, yaani sehemu zinazozalisha mawimbi ya sauti, huzunguka bila kusubiriana, kwa hiyo mwanzo wa noti haufanani na wa noti iliyotangulia. Sampuli moja ikirudiwarudiwa huua uhai huo.

Hatua ya tatu, ruhusu noti moja tu, na uzime mwitikio wa nguvu ya kidole.

Hatua ya nne, rekodi kila sauti ya wimbo peke yake, kisha uzipange pamoja. Wendy Carlos alifanya hivyo katika albamu yake ya muziki wa Bach ya mwaka 1968, akitumia sintesaiza kubwa ya Moog.

Maswali ya wanachama

Swali: Noti ndefu inaporudia kitanzi (kipande cha sampuli kinachorudiwa ili noti iendelee), sauti hushtuka. Nifanyeje?
Jibu: Oskileta mbili zikitofautiana kwa hezi 1, wimbi lao huvimba na kunywea mara moja kila sekunde, hivyo kitanzi ni lazima kibebe mzunguko mzima. Ni afadhali zaidi kurekodi kila oskileta peke yake, kisha kuzitofautisha ndani ya programu.

Swali: Je, kuna sauti zisizofaa kuigwa kwa njia hii?
Jibu: Zipo. Sauti ambazo oskileta moja huyumbisha nyingine kwa kasi hubadilika mno kutoka noti hadi noti. Kwa hizo, tumia programu inayokokotoa sauti yenyewe.