Somo: Kwa nini siga nzuri huwa chungu, na namna ya kutafuta chanzo chake

Siga iliyosokotwa kwa mkono kule Cuba, Nicaragua au Jamhuri ya Dominika, kwa majani matupu ya tumbaku yaliyokaushwa, yakarundikwa ili yachachuke, kisha yakalazwa muda mrefu kabla ya kufika mikononi mwa msokotaji, haikukusudiwa kumwasha mtu koo. Uchungu kidogo ni wa asili yake, kwa kuwa nikotini yenyewe ni chungu, na uchungu huo ukikutana na utamu wa jani huwa sehemu ya ladha. Ninaouzungumzia hapa ni ule unaokwaruza ulimi, unaobaki kooni hata baada ya kunywa maji, na unaomfanya mtu aliyelipa pesa nyingi aamini kwamba ameuziwa bandia. Kwa sisi wakazi wa Mombasa, naamini chanzo cha kwanza cha kushukiwa ni unyevu na joto, kabla ya kulilaumu jani wala aliyeliuza.

Somo hili ni la wanachama wetu, watu wazima ambao tayari wanavuta. Moshi wa siga huleta saratani ya mdomo, koo na umio hata kwa asiyeuvuta hadi mapafuni, na hakuna hatua yoyote hapa chini inayopunguza hatari hiyo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 nayo inakataza kuvuta mahali pa umma pasipotengwa kwa ajili hiyo.

Hatua ya kwanza: chunguza unyevu

Siga hukaa vizuri katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Hewa ya kisiwani kwetu mara nyingi huwa juu ya asilimia 75, masika huzidi hapo, na mchana wa kaskazi joto hupita nyuzi 30. Maana yake ni kwamba siga iliyoachwa mezani au katika droo ya kawaida haikauki, kama wanavyodhani wengi waliosoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Inazidi kunywa maji kila siku. Jani likilowa hufura, njia ya hewa hubana, na moto hulazimika kwanza kufukuza maji kabla ya kuunguza tumbaku. Siga huzimika kila mara, mvutaji naye huvuta kwa nguvu ili kuiokoa, na moshi mzito wenye mvuke na lami huganda karibu na kichwa, pale pale midomo inapogusa. Huo ndio uchungu ambao watu wengi huuita ubovu wa siga.

Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili. Iliyo sawa hubonyea kidogo kisha hurudi. Iliyolowa huhisika kama sponji, na iliyokauka hutoa mlio wa kuvunjika. Ukiwa na kipimo cha unyevu, usikiamini kabla ya kukijaribu: tia chumvi ya mezani katika kifuniko cha chupa, ongeza matone ya maji mpaka iwe uji mzito bila kuyeyuka, kisha ukifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku moja. Hewa ya ndani hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 80, basi kila namba utakayoiona ipunguzie 5.

Kwa hifadhi, chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana sawasawa, pamoja na vipakiti vya kudhibiti unyevu vya asilimia 65, kinatosha kabisa, na kwa hali ya hewa yetu nakipendelea kuliko sanduku la siga lililorembwa ambalo kifuniko chake kinapitisha hewa. Kiweke chumba chenye kivuli, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kisikae katika kabati la nguo zinazofukizwa udi, kwa maana tumbaku hufyonza harufu kwa wepesi mno na haiiachi.

Wenye ofisi zenye kiyoyozi wana tatizo la kinyume. Hewa ile hukausha, na siga kavu huungua haraka, hupata moto mkali na kuwa chungu kwa ukali wa aina nyingine, wa kuchoma. Hiyo irudishiwe unyevu polepole kwa wiki kadhaa, kwani ikilowa ghafla jani la nje hupasuka.

Hatua ya pili: kata kidogo

Ondoa milimita 2 hivi za kofia, yaani kipande cha jani kinachofunika kichwa cha siga. Tundu likiwa dogo mno, moshi wote hupita mahali pamoja na lami hukusanyika hapo. Ukikata chini ya kofia, jani la nje hufunguka na vipande vya tumbaku huingia mdomoni.

Hatua ya tatu: washa bila kuunguza

Tumia kiberiti cha gesi au njiti ya mti, na ukitumia njiti subiri kichwa chake kiishe kuungua kwanza. Kiberiti cha petroli huacha ladha yake kwenye majani. Moto usiguse siga. Uweke chini kidogo ya ncha huku ukiizungusha mpaka mzunguko wote uwe mwekundu, ndipo uvute. Ncha iliyogeuka mkaa mweusi tangu mwanzo huchafua ladha ya dakika zote zinazofuata.

Hatua ya nne: punguza mwendo, na uheshimu upepo

Vuta mara moja kwa dakika, au pungufu ya hapo. Anayevuta mfululizo hupandisha joto la moto, na vitu vilivyopaswa kutoa harufu nzuri huungua na kuwa chungu. Siga nyembamba hupata joto upesi kuliko nene, kwa hiyo inahitaji subira zaidi.

Jambo hili kwetu lina uzito wa pekee. Ukikaa kwenye baraza inayotazama bahari wakati wa kusi, upepo unavuta siga kwa niaba yako hata ukiwa umeitua mkononi: upande mmoja huungua mbele ya mwingine, na siga iliyopaswa kudumu karibu saa nzima huisha mapema ikiwa imejaa uchungu. Tafuta ukuta wa kukukinga. Kumbuka pia kwamba hewa ya usiku baada ya mvua huilowesha siga hata ikiwa inavutwa, hivyo usishangae iliyoanza vizuri ikibana katikati.

Hatua ya tano: uchungu ukija katikati

Gonga majivu taratibu, kisha pulizia hewa nje kupitia siga badala ya kuvuta, ili moshi uliolala ndani utoke. Ukiona unyevu wa rangi ya kahawia kichwani, kata milimita chache zaidi. Usiitafune, maana mate hulowesha majani na kuziba njia. Theluthi ya mwisho ina haki ya kuwa kali, kwa sababu lami ya sehemu zilizotangulia imeshuka huko. Ikiwa chungu, iache.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nyali: Maalim, nimekuwa nikiweka siga zangu kwenye friji ili kuzikinga na joto. Je, hilo ni kosa?

Jibu: Ndugu yangu, friji hukausha, na harufu ya samaki na vitunguu huingia kwenye jani. Jokofu la kugandisha lina kazi moja tu, kuua funza wa tumbaku, ambao mayai yao huanguliwa kwenye joto kama letu. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo, zifunge siga vizuri zisipate hewa, zigandishe siku tatu, zihamishie kwenye friji siku moja, ndipo uzitoe.

Mwanachama, Mji wa Kale: Nitajuaje kama uchungu ni wa unyevu au wa siga ambayo haijakomaa?

Jibu: Nusa. Tumbaku changa hutoa harufu kali ya amonia inayopanda puani, hata kabla ya kuwashwa. Hiyo ilaze miezi kadhaa kwenye asilimia 65. Isiyonuka hivyo lakini inabana na kuzimika, tatizo lake ni maji.

Mwanachama, Likoni: Samahani maalim, mimi huvuta baada ya kahawa chungu, wakati mwingine na tambuu mdomoni. Hayo yanahusika?

Jibu: Yanahusika sana, bwana. Chokaa na popoo hukaza ulimi, na kahawa isiyo na kitu kitamu huongeza uchungu juu ya uchungu. Suuza mdomo kwa maji, usivute ukiwa na njaa, na kipande cha halua pembeni kitasaidia.

Mwanachama, Tudor: Je, siga yenye jani jeusi huwa chungu zaidi?

Jibu: La, dada. Jani jeusi mara nyingi limechachushwa muda mrefu na huwa na utamu. Ukali hutoka kwa majani ya juu ya mmea yaliyofungwa ndani, yenye nikotini nyingi zaidi, nayo huwezi kuyaona kwa nje. Muulize muuzaji nguvu ya siga kabla ya kuichagua kwa rangi.