Kabla Hujaanza Kuskani na Kutia Saini Imeji za Kontena

Imeji ya kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na vyote inavyohitaji ili iendeshwe. Kuweka skana ya kutafuta mianya ya usalama, na saini ya kidijitali, kwenye paipulaini (mtiririko unaojenga na kupeleka programu wenyewe) ni kazi ya mchana mmoja. Skana ya Trivy au Grype ni mstari mmoja wa amri, Cosign ya kutia saini ni mwingine, alama ya kijani inatokea na watu wanaenda zao. Yanayokuja kusumbua ni mambo ambayo hayakuamuliwa kabla ya mistari hiyo, nayo hayana adabu: hujitokeza usiku, kwa mtu wa zamu ambaye hakuwepo mlipokuwa mnaweka. Kwa hiyo kabla ya kugusa faili lolote, pitia haya.

Hakikisha kitu unachokagua ndicho kitakachoendeshwa. Tagi, yaani jina la toleo lililobandikwa kwenye imeji, huhama. Mtu akisukuma imeji nyingine kwa tagi ileile, ghala la imeji linapokea bila neno, na aliyeskani ile ya jana hana habari. Daijesti haihami: ni matokeo ya hesabu ya SHA-256 juu ya manifesti (faili linaloorodhesha sehemu za imeji), herufi na tarakimu 64, na ukigusa baiti moja inakuwa nyingine kabisa. Jenga mara moja, sukuma, chukua daijesti uliyorudishiwa na ghala, kisha kila hatua inayofuata ipokee daijesti hiyo, si tagi: skana, orodha ya vijenzi, saini, na faili la kupeleka kwenye klasta, kundi la mashine zinazoendesha kontena. Paipulaini inayojenga, ikaskani, halafu hatua ya mwisho ikajenga tena "ili tupate kitu kisafi", inatia saini kitu ambacho hakijakaguliwa. Na ukijenga kwa amd64 na arm64 pamoja, yaani aina mbili za vichakataji, faharasa inayoziunganisha ina daijesti yake na kila imeji iliyomo ina yake. Trivy ikiachwa bila maelekezo huchagua jukwaa moja tu, basi mtajie yote mawili kila moja kwa zamu yake. Cosign nayo ina --recursive ili saini ifike mpaka ndani.

Skana iwe na meno. Trivy isipoambiwa vingine humaliza kwa msimbo 0 hata ikikuta mianya mia, na paipulaini huona 0 ikaendelea na safari. Weka --exit-code 1 pamoja na --severity unayoitaka. Kwa Grype ni --fail-on. Kisha ijaribu kwa imeji mbovu makusudi: chukua toleo la mfumo lililokwisha muda wa matengenezo, lipitishe uone. Likipita, hapo huna ukaguzi, una logi ndefu.

Amua mapema ni nini kinazuia na ni nini kinaandikwa tu. Ukizuia kila kitu, imeji ya kawaida ya mfumo wa Debian itakuletea orodha ya mianya ambayo haina kiraka popote duniani, watengenezaji watachoka ndani ya wiki, na mtu atazima hatua nzima ili apeleke kazi yake. Wengi huanza na mianya yenye alama 9.0 kwenda juu kwenye CVSS, kipimo cha ukali kinachoishia 10, ambayo tayari ina kiraka, wakaongeza chochote kilichomo kwenye orodha ya CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ya mianya inayojulikana kutumiwa na wavamizi, orodha inayotunzwa tangu 2021. Hapo ni pazuri pa kuanzia. Misamaha itakuwepo, haikwepeki, lakini kila msamaha uwe na jina la aliyeuomba na tarehe ya kufa. Faili la .trivyignore linakubali exp: na tarehe baada ya namba ya CVE, yaani namba rasmi ya mwanya, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Ujue pia skana haioni wapi. Inasoma kumbukumbu za vifurushi za dpkg, apk na rpm (vyombo vya Linux vya kusakinisha programu), na mafaili ya maktaba za lugha mnayoandikia. Programu uliyoivuta kwa curl, amri ya kupakua, na kuitupa ndani ya /usr/local/bin haimo kwenye kumbukumbu ya vifurushi, na mara nyingi itapita kama haipo. Fungua Dockerfile yako, faili la maelekezo ya kujenga imeji, sasa hivi, tafuta kila curl na wget, uandike pembeni imeleta nini na toleo gani. Hayo utayafuatilia mwenyewe.

Na imeji safi leo si safi kesho. Desemba 2021, imeji zilizopita ukaguzi mwanzoni mwa wiki zilikuwa hatari kabla wiki haijaisha, baada ya CVE-2021-44228, mwanya wa Log4j (maktaba ya Java ya kuandika logi), kutangazwa, na hakuna aliyekuwa amebadilisha hata herufi moja ndani yake. Walioteseka zaidi ni wale wasiojua Log4j imo kwenye huduma zipi, kwa kuwa mara nyingi ilikuwa jar, kifurushi cha Java, ndani ya jar nyingine. Basi toa orodha ya vijenzi kila unapojenga, kwa Syft au chombo kingine, katika muundo wa SPDX au CycloneDX, uihifadhi pamoja na daijesti yake. Halafu panga ukaguzi wa kila siku wa imeji zinazoendeshwa, si zinazojengwa tu. Huduma isiyoguswa mwaka mzima haijengwi upya, kwa hiyo paipulaini haitaikagua tena.

Siri, kama nywila na funguo, isiingie kwenye tabaka lolote la imeji. Kuifuta katika tabaka linalofuata hakuiondoi, na thamani za ARG, vigeu vya wakati wa kujenga, huonekana kwa yeyote anayeendesha docker history. BuildKit, mjenzi wa imeji wa Docker, ina --mount=type=secret kwa kazi hiyo.

Sasa saini. Amua kama unatumia ufunguo wako au njia ya Sigstore, mradi wa wazi ulio na Cosign ndani yake, isiyo na ufunguo wa kudumu. Ukiwa na ufunguo, uweke kwenye huduma ya kutunza funguo, usiuache kwenye vigeu vya paipulaini ambako kila hatua inaweza kuusoma. Ukienda na Sigstore, huduma yake ya Fulcio hutoa cheti cha dakika 10 kwa utambulisho wa paipulaini yako, na tukio linaandikwa Rekor, daftari la wazi lisilofutwa. Soma tena neno wazi: jina la hazina na la paipulaini vitasomeka na dunia nzima. Kama jina la mradi wenu ni siri, zungumzeni kabla ya saini ya kwanza, maana baada yake hakuna kufuta.

Kwenye uhakiki, taja ni nani unamkubali. Tangu Cosign 2.0 ya 2023, uhakiki wa njia ya Sigstore isiyo na ufunguo unadai utambulisho na mtoaji wake (huduma iliyouthibitisha), lakini nimeona watu wakiandika .*, yaani chochote kile, kwenye sehemu ya utambulisho ili mambo yaende. Ukifanya hivyo umekubali saini ya yeyote anayeweza kufungua akaunti kwa mtoaji huyo. Taja hazina, taja faili la paipulaini, taja tawi. Na usidai kwa wakubwa kwamba saini inathibitisha usalama. Masasisho ya SolarWinds yaliyogundulika Desemba 2020 yalikuwa na saini halali ya kampuni, kwa sababu waliovamia waliingia kwenye mfumo wa kujengea, kabla ya saini.

Kuna jambo moja ambalo karibu hakuna anayelipanga. Saini inakaa wapi, na nani ana ruhusa ya kuifuta?

Timu moja niliyoijua kwa karibu ilifanya yote hayo vizuri. Daijesti kila mahali, Kyverno, chombo cha kusimamia sera, mlangoni mwa klasta katika hali ya kuzuia, utambulisho umetajwa mpaka tawi. Ilikwenda hivyo kwa muda mrefu bila tatizo. Usiku mmoja nodi, yaani mashine za klasta, zilikuwa zinasasishwa, moja baada ya nyingine, na podi, yaani kontena zinazoendeshwa juu yake, zikihamishwa kama kawaida. Podi za huduma ya ankara zikakataa kurudi. Ujumbe ulisema saini haikupatikana.

Mtu wa zamu akaangalia ghala. Imeji ipo, tagi v ileile, daijesti ileile. Akaendesha cosign verify kutoka kwenye kompyuta yake, jibu lilelile. Alipofungua orodha nzima ya tagi ndipo alipoona. Katika mpangilio wao Cosign ilihifadhi saini kama tagi ndani ya ghala lilelile, yenye jina linaloanza na sha256- ikifuatiwa na daijesti na kumalizia na .sig. Za matoleo ya karibuni zilikuwepo. Za zamani hazikuwepo hata moja. Ghala lilikuwa na kanuni ya usafi, iliyoandikwa na mtu mwingine kabla ya habari za saini kuanza: tagi zinazoanza na v zibaki, nyingine zote zikipitisha umri fulani zifutwe ili kubana gharama. Kanuni ilifanya kilichoandikwa. Huduma ya ankara haikuwa imetolewa toleo jipya kitambo, saini yake ikazeeka, ikafagiliwa. Na kwa kuwa klasta huhakiki wakati podi inapoumbwa tu, podi zilizokuwa zinaendelea hazikuulizwa chochote. Uharibifu ulikuwa umeshafanyika siku nyingi, ukisubiri nodi izimwe.

Angalia walivyobanwa. Kumbukumbu ya Rekor bado ilikuwepo, lakini uhakiki wao uliitafuta saini kwenye ghala. Mtu wa zamu hakuweza kutia saini mwenyewe, maana sera ilikubali utambulisho wa paipulaini peke yake, na ndivyo inavyotakiwa. Wakajaribu kujenga upya kutoka komiti ya zamani, yaani hali ya msimbo iliyohifadhiwa zamani. Imeji ya msingi ilikuwa imesogea, ikatoka daijesti nyingine, na majaribio yakaanguka. Mwishowe wakabadilisha sera kutoka kuzuia kwenda kuonya tu. Podi zikainuka ndani ya dakika chache, watu wakalala.

Sera ile ikabaki kwenye kuonya. Kwanza "mpaka mambo yatulie", halafu hakuna aliyeikumbuka. Ripoti ziliendelea kusema klasta inapokea imeji zenye saini tu, huku mlango uko wazi. Mimi naliona hilo ndilo pigo lenyewe, kuliko ankara zilizochelewa usiku ule.

Kwa hiyo, kabla ya saini ya kwanza, fungua kanuni za usafi za ghala lako uzisome mstari kwa mstari. Kinga tagi za .sig na .att (saini na maelezo yaliyotiwa saini), au bora zaidi, funga maisha ya saini na maisha ya imeji yake. Maghala yanayofuata OCI 1.1, toleo la 2024 la kanuni za pamoja za imeji na maghala, yana namna ya kuambatanisha saini na imeji bila kutegemea majina ya tagi. Uliza lako linafanya nini na viambatanisho hivyo fagio linapopita, usidhani. Ukinakili imeji kwenda ghala jingine, docker pull na docker push huiacha saini nyuma, ilhali cosign copy huibeba. Tengeneza pia kazi ya kutia saini upya: inapokea daijesti, inathibitisha kwamba paipulaini yenu ndiyo iliyoijenga, inaskani tena, inatia saini. Iwepo kabla ya kuihitaji. Halafu mchana kweupe, watu wakiwa macho, hamisha podi zinazotumia imeji kongwe kuliko zote mlizonazo uone kama zitarudi.

Yaliyobaki ni ya haraka. Kwenye GitHub Actions, ruhusa ya id-token: write ipewe kazi ya kutia saini peke yake, kwa sababu hatua yoyote iliyo ndani ya kazi hiyo inaweza kujiombea cheti kwa jina lenu. Hatua za watu wengine unazoziazima zifunge kwa SHA ya komiti: Machi 2025 tagi nyingi za tj-actions/changed-files, hatua ya GitHub Actions iliyokuwa ikitumiwa na hazina zaidi ya 23,000, zilihamishiwa kwenye komiti chafu iliyomwaga siri za paipulaini kwenye logi. Hifadhi nakala ya kanzidata ya skana ndani kwenu, la sivyo siku mtakayozidisha upakuaji mtazuiwa na ujenzi wote utasimama. Mhakiki wa mlangoni awe na nakala zaidi ya moja, na asijihakiki mwenyewe, au klasta ikizimika yote hataweza kuinuka. Imeji za nje, zile za pembeni zinazokusanya logi na vipimo, nazo zinapita mlango huohuo; kama hazina saini unayoikubali, zinakilishe, ziskani, uzitie yako. Andika nani anaruhusiwa kushusha sera kwenda kuonya, na iwe inarudi yenyewe baada ya saa kadhaa. Na mara kwa mara jaribu kuingiza imeji isiyo na saini kwenye klasta ya kazi. Ikiingia, tafuta nani aligusa sera, na lini.