Mtoto wa mbwa akigoma ngazi ghafla: mwongozo kwa wanaoishi ghorofani

Simu nyingi ninazopokea kutoka kwa wafugaji wa mbwa wa Roysambu, South B au Kilimani huwa na malalamiko yaleyale. Mbwa ana miezi minne au mitano, jana alikuwa anapanda na kushuka bila shida, leo amefika kwenye kidato cha kwanza akakaa kitako, masikio nyuma na mkia katikati ya miguu. Hasogei. Mara nyingi mwenyewe huwa ameshamvuta kwa kamba kabla ya kunitafuta, kwa hiyo sasa mbwa anaogopa ngazi na anaogopa kamba.

Hofu inayoingia kwa ghafla ina kilichoileta. Kitafute kwanza, ndipo uanze mazoezi.

Hatua ya 1: Hakikisha hakuna kinachomuuma

Mlaze ubavu sebuleni akiwa ametulia. Tazama nyayo moja moja, upanue vidole, uangalie pembeni mwa kucha. Mbwa wa hapa kwetu hupatikana na kupe, funza, mwiba au kipande cha chupa alichokanyaga nje ya geti. Kisha kunja na unyooshe kila mguu polepole. Akigeuza kichwa haraka kuelekea mkono wako, au akiuvuta mguu, acha hapo hapo.

German Shepherd na mbwa wengine wa miili mikubwa, kuanzia miezi 5 hivi hadi 18, wanaweza kupata maumivu ya mifupa yanayohamahama: wiki hii anachechemea mguu wa mbele, wiki ijayo wa nyuma. Kwa wale wadogo kama Maltese, shida ya kawaida ni goti. Kifuniko chake huteleza kikatoka mahali pake, mbwa akaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, halafu akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Homa ya kupe nayo huumiza viungo, na huja pamoja na uchovu, kukataa chakula na wakati mwingine ufizi kupauka.

Kipimo changu cha haraka ni kochi. Mbwa anayeumwa hukataa ngazi, hukataa kochi na hukataa kuruka ndani ya gari. Mwenye hofu hukataa ngazi tu. Ukiwa na shaka, nenda kwa daktari wa mifugo kabla ya jambo lingine lolote. Ukikosa wa karibu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete.

Hatua ya 2: Jua ngazi zimemfanya nini

Panda ngazi zenu mwenyewe, bila mbwa, kwa saa zile mnazotoka naye. Ploti nyingi zina ngazi za teraso au vigae, na asubuhi msimamizi huwa amepiga deki kwa maji ya sabuni. Siku ambazo maji ya mfereji hayapo, watu hupandisha mitungi na kila kona hubaki na kidimbwi. Mbwa akiteleza mara moja tu, miguu ya nyuma ikafunguka na kidevu kikagonga ukingo wa kidato, inatosha.

Wakati mwingine ni sauti. Umewahi kusikiliza kijana wa gesi akishusha mtungi mtupu kutoka ghorofa ya tano kwa kuuangusha kidato kwa kidato? Sasa sikia kelele hiyo ukiwa na kimo cha sentimita 30, ndani ya ngazi zilizofungwa ambamo sauti haina pa kutokea. Au stima imepotea na taa ya kona haiwaki. Au ni paka wa jirani wa ghorofa ya pili, ambaye mimi humshuku kila mara.

Umri pia una sehemu yake. Watoto wa mbwa hupitia kipindi cha woga kati ya wiki ya 8 na ya 11, na wengi hukirudia wakiwa kati ya miezi 6 na 14. Katika vipindi hivyo jambo dogo humganda mbwa akilini, hata kama wewe hukuliona.

Hatua ya 3: Andaa vitu

Kata kucha. Kucha ndefu zinagonga teraso kabla ya nyayo, naye anatembea kama aliyevaa viatu vya kuteleza. Nunua vipande vichache vya zulia la raba uvitandike kwenye vidato vya mwisho wakati wa zoezi. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni.

Chakula cha zoezi ni maini ya ng'ombe, yachemshwe bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Yakate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Omena hufanya kazi vizuri vilevile, ila mkono utanuka mpaka jioni.

Kama hajamaliza chanjo, usimfunze kwenye ngazi za watu wote. Virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuhara na kutapika kwa watoto wa mbwa, huweza kukaa sakafuni kwa miezi mingi. Mbebe mkononi, umwanzishie zoezi ndani ya nyumba kwa ubao mpana usiotikisika.

Hatua ya 4: Anzia kidato cha chini kabisa

Wengi humweka mbwa juu, wao wakasimama chini na kumwita. Kutoka kule juu anaona bonde. Fanya kinyume: mbebe mpaka kidato cha chini kabisa, mweke hapo akitazama sakafu. Mbele yake pana hatua moja tu, na mwisho wa hatua hiyo ni mahali anapopajua. Weka kipande cha ini sakafuni, karibu na ukingo. Nyamaza, subiri.

Kinachofuata ni kidogo sana, ndiyo maana watu hukipita. Atanyoosha shingo. Atarudi nyuma. Atashusha mguu mmoja wa mbele, augusishe sakafu, auinue tena. Hapo ndipo pa kumlipa: mpe ini wakati mguu umegusa chini, hata kama mwili wote umebaki juu. Akishuka kabisa, mpe vipande vitatu vinne kimoja kimoja, umsifu kwa sauti ya chini.

Akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo, akigeuza uso au akiinua mguu mmoja na kuganda, anakuambia umefika mpaka wake. Akikataa ini alilokuwa akililia jikoni, umeshaupita mpaka huo. Rudi mahali palipokuwa rahisi, mpe apokee, kisha fungeni kazi. Dakika tano zinatosha, na umalize angali anataka zaidi.

Kidato kimoja kikiwa hakimsumbui, mweke kwenye cha pili kutoka chini. Halafu cha tatu. Siku zote anashuka kuelekea mahali anapopajua, na kila jaribio linaishia sakafuni, kwenye chakula. Kupanda huenda kukarudi kwenyewe katikati ya haya yote. Kukirudi, kulipe vilevile.

Kuna watakaokushauri umburute mara moja ili azoee. Mbwa anayeburutwa hunyamaza kweli, na anayemburuta hudhani amefaulu. Amekata tamaa tu, na siku atakayopata nafasi ya kukwepa ngazi ataitumia, pengine kwa kuuma. Kumbembeleza, kwa upande mwingine, hakumfundishi woga. Akikuegemea, mwache akuegemee.

Hatua ya 5: Kushuka ngazi nzima

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda kwa sababu ya uzito. Hata akisimama tambarare, karibu asilimia 60 ya uzito wa mbwa hukaa kwenye miguu ya mbele, na ngazi inamwongezea mzigo huohuo huku kichwa kikitazama shimo. Kwa hiyo simama kidato kimoja chini yake, ubavuni, bila kumkabili uso kwa uso. Kiganja kikae wazi mbele ya kifua chake bila kumwinua. Akiteleza, anakutana na mkono wako badala ya saruji.

Chagua neno moja, mfano "taratibu", ulitumie kila anaposhuka kidato. Akitaka kwenda kwa mshazari kutoka ukutani hadi kwenye reli, mwache, ni njia yake ya kupunguza mwinuko. Angalia tu nafasi za reli zisiwe pana kiasi cha kumpitisha. Pale ngazi zinapokunja kona, pumzikeni. Usimruhusu kuruka vidato vitatu vya mwisho kwa furaha, kwa kuwa ndipo wanapoteguka.

Hatua ya 6: Rudisha kelele, kisha badilisha ngazi

Kama chanzo kilikuwa mtungi wa gesi, gonga sufuria kwa upole katika chumba kingine huku mtu mwingine akimpa ini. Sogea karibu polepole, siku baada ya siku. Zungumza pia na kijana wa gesi. Wengi hukubali kubeba begani wakijua kuna mbwa.

Mbwa hahamishi somo kirahisi. Ngazi za kwenu akizimudu, za shangazi kule Umoja bado ni ngeni, na daraja la watembea kwa miguu linalotikisika matatu zikipita chini ni jambo jingine kabisa. Kila ngazi mpya, anza tena na kidato cha chini; safari hii atakwenda haraka zaidi. Miteremko ya msitu wa Karura husaidia kujenga miguu ya nyuma, na mbwa wanaruhusiwa mle mradi wawe kwenye kamba.

Akirudi nyuma baada ya kwenda vizuri, angalia nyayo kwanza, kisha sakafu, kisha muulize msimamizi wa ploti ni nini kiliangushwa asubuhi hiyo. Siku hiyo mshushe mkononi. Kesho yake rudini kwenye kidato kimoja.