Kupima Ushindiliaji wa Udongo kwa Mchanga: Hatua kwa Hatua kwa Fundi Sanifu wa Mombasa

Fundi sanifu anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo huhangaishwa na wingi wa vipimo, kuanzia kuchekecha udongo hadi kutafuta mipaka yake ya umajimaji na unyumbufu. Katika mwongozo huu nimechagua kipimo kimoja tu, kile cha kujua kama tabaka limeshindiliwa ipasavyo kwa kuchimba shimo, kupima uzito wa udongo uliotoka na kulijaza shimo mchanga ili kujua ujazo wake, kwa sababu anayekimudu amekwisha kumudu upimaji wa unyevu na kipimo cha Proctor, yaani kile cha maabara cha kutafuta msongamano mkavu wa juu kabisa ambao udongo unaweza kufikia kwa nguvu fulani ya kushindilia. Isitoshe, ndicho kipimo ambacho hewa ya Mombasa hukiharibu kimyakimya.

Hatua ya kwanza: pata kilele cha maabara

Huwezi kusema tabaka limeshindiliwa kwa asilimia fulani bila kujua asilimia hiyo ni ya nini. Kwa utaratibu wa BS 1377, kiwango cha Uingereza cha kupima udongo, kipimo chepesi cha Proctor hutumia nyundo ya kilo 2.5 inayoanguka milimita 300, udongo ukiwekwa katika chombo cha lita moja kwa matabaka matatu, kila tabaka mapigo 27. Kipimo kizito hutumia nyundo ya kilo 4.5, milimita 450 na matabaka matano, kwa idadi ileile ya mapigo. Soma masharti ya mkataba ujue ni kipi kinachotakiwa, kwa kuwa asilimia 95 ya kipimo chepesi na asilimia 95 ya kile kizito ni kazi mbili tofauti kabisa kwa mwenye rola.

Tuchukue mfano wa udongo mwekundu wenye mchanga, wa aina ambayo pengine ndiyo iliyoipa Dongo Kundu jina lake. Ukiwa na unyevu wa asilimia 10, uzito wake mbichi katika chombo ni gramu 2,013; kwa asilimia 12 ni gramu 2,128; kwa asilimia 14 ni gramu 2,121. Gawanya kila uzito kwa ujazo wa chombo, sentimita za ujazo 1,000, kisha kwa moja ukijumlisha unyevu, yaani kwa 1.10, 1.12 na 1.14, nawe utapata msongamano mkavu wa 1.83, 1.90 na 1.86, kwa gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Ukichora mstari uliopinda unaopitia namba hizo, kilele huangukia 1.90 kwenye unyevu wa karibu asilimia 12.3. Angalia kwamba udongo wa asilimia 14 unakaribia sana kuwa mzito sawa na ule wa asilimia 12, ilhali umeshindiliwa vibaya zaidi; uzito uliobaki ni maji tu.

Hatua ya pili: tayarisha mchanga

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi. Mchanga wa kipimo huwa safi, wa chembe zinazokaribiana, zinazopita ungo wa mikroni 600 na kubaki kwenye ule wa mikroni 63. Mchanga wa ufuoni usiusogelee, kwani chumvi yake huvuta unyevu. Uukaushe tanurini, kisha, na hili huwashangaza wengi, usiufungie ndani ya pipa lisilopitisha hewa. Uhifadhi katika chombo kilichofunikwa kwa kulegea kwa siku kadhaa, ili unyevu wake ulingane na ule wa hewa utakayofanyia kazi, ndipo uupime msongamano wake.

Kuupima huko hufanywa kwa kuumwaga kutoka kwenye silinda ya kumwagia hadi ndani ya kopo lenye ujazo unaojulikana na kina kinachofanana na cha shimo utakalochimba, kisha kutoa uzito wa mchanga uliobaki katika koni iliyo chini ya silinda. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Usikubali kupewa namba iliyopatikana Nairobi, hata kama mchanga umetoka kwenye gunia lilelile, kwa maana hewa ya bara si hewa ya pwani. Mimi huupima upya kila masika yanapoanza, na tena kaskazi inaposhika.

Hatua ya tatu: chimba shimo

Sawazisha uso wa tabaka, laza trei yenye tundu la milimita 100, na uchimbe ndani ya tundu hilo hadi kina kisichozidi milimita 150, ukikusanya kila chembe kwa kijiko na brashi. Udongo uutie mara moja katika mfuko wa plastiki na uufunge, kwa sababu jua la saa saba mchana halikusubiri umalize mazungumzo. Ukikutana na kipande kikubwa cha tumbawe kilichojitokeza nusu ukutani mwa shimo, hamia mahali pengine. Ukiking'oa utaacha pango, na ukikiacha utapima jiwe.

Hatua ya nne: mwaga mchanga, rola likiwa limezimwa

Pima silinda yenye mchanga, iweke juu ya shimo, fungua vali, na usiiguse mpaka mchanga utulie. Mtikisiko hushindilia mchanga ndani ya shimo, ukaingia mwingi kuliko inavyostahili, na shimo likaonekana kubwa kuliko lilivyo. Katika saiti moja upande wa Miritini niliyakataa mashimo matatu mfululizo kabla ya kutambua kwamba rola lilikuwa likitetema hatua chache kutoka nilipochuchumaa. Dereva alinikumbusha jambo hilo kwa muda mrefu baadaye, na alikuwa na haki.

Hatua ya tano: hesabu

Tuseme silinda ilikuwa na gramu 5,000, imebaki na 2,810, na koni huchukua 450. Mchanga ulioingia shimoni ni gramu 1,740, na kwa msongamano wa 1.45 shimo lina sentimita za ujazo 1,200. Udongo uliotoka una uzito wa gramu 2,435, kwa hiyo msongamano wake mbichi ni 2.03. Chukua sehemu yake, ikaushe tanurini kwa nyuzi 105 hadi 110 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena; tuseme unyevu ni asilimia 11.5. Msongamano mkavu ni 1.82, nao ukigawanywa kwa 1.90 unatoa asilimia 95.8. Kama mkataba unataka 95, tabaka limepita.

Sasa rudi kwenye mchanga. Mchanga ulionyonya unyevu haupangiki vizuri unapomwagika, hivyo hukaa kwa ulegevu. Ikiwa msongamano wake wa kweli asubuhi hiyo ulikuwa 1.40 na si 1.45 iliyobandikwa ukutani mwa maabara, shimo lilikuwa na sentimita za ujazo 1,243, msongamano mkavu ni 1.76 tu, na asilimia ya kweli ni 92.5. Udongo ni uleule, mizani ni ileile, lakini tabaka lililostahili kurudiwa limefunikwa. Ndiyo maana katika fomu yangu, juu kabisa, kabla ya namba ya shimo, huandika tarehe ambayo mchanga ulipimwa mara ya mwisho.