Kabla hujasia mbegu za papai, tazama rangi yake

Wengi wetu hula papai kwanza, tukakumbuka mbegu baadaye zikiwa zimerundikana kwenye sahani. Anayetaka miche aanze mapema zaidi, tunda likiwa bado mtini. Chagua mti unaozaa vizuri, usio na majani yaliyokunjamana, kisha liache papai lishike manjano zaidi ya nusu ndipo ulichume. Lililochumwa changa likavundikwa huweza kulainika, lakini usilitegemee kwa mbegu: ulaini wa nyama haukuhakikishii kwamba kiini nacho kimekomaa.

Ukilipasua, usikombe zote kwa pupa. Mbegu nyeusi, nono, zenye makunyanzi ndizo zilizokomaa. Nyeupe zitupe, ni changa, au hazikuchavushwa kabisa na ndani hamna kitu. Za kahawia zinanitia shaka, nami huziacha, maana papai moja kubwa hutoa mbegu kwa mamia. Ya nini kubahatisha?

Weusi nao peke yake hautoshi. Kila mbegu imevikwa kifuko cha ute kinachoizuia kuota, ndiyo maana ni nadra kukuta vichipukizi ndani ya papai bivu, pamoja na majimaji yote yale. Kusia mbegu na ute wake ni kujitafutia wiki za kusubiri bure. Zisugue kwenye chujio, au kwa mchanga na maji, mpaka vifuko vipasuke, uzisuuze, kisha uzimimine kwenye bakuli la maji. Zinazozama chukua, zinazoelea mwaga. Zianike kivulini siku mbili tatu; bati lenye jua kali litaziua.

Viriba viwe tayari, na udongo usiotuamisha maji. Fukia kina cha sentimita 1 hivi. Kwenye joto la pwani tarajia kuziona baada ya wiki 2 hadi 4. Nyanda za baridi huchelewa, kwa hiyo usianze kuzifukua ukichungulia.

Kama papai lilitokana na mbegu chotara ya dukani, watoto huenda wasifanane na mama, hata mbegu ziwe nyeusi namna gani. Wala rangi haitakuambia mche upi ni dume na upi ni jike. Hilo husubiri maua. Ndiyo sababu shimo moja hupandwa miche 3, kisha mipapai dume ikang'olewa, ikabaki michache tu ya kuchavusha.