Presi inashuka lakini haikandamizi: iulize geji kwanza

Kabla hujaagiza pampu mpya ya presi ya haidroliki, ile inayosukumwa na oili, geji ya kupimia presha inasoma ngapi? Ndilo swali langu kwa kila anayenipigia simu kutoka karakana za Industrial Area au Kariobangi Light, Nairobi, akilalamika kwamba presi imeisha nguvu. Wengi hawana jibu. Geji ilipasuka kioo zamani, sindano imelala sifurini hata mashine ikinguruma. Nunua nzima, inayofika bar 400, uifunge karibu na pampu. Bila hiyo unabahatisha, na kubahatisha kwa pampu ni ghali.

Nguvu ya presi ni presha mara eneo la pistoni. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 20 ina eneo la sentimita mraba 314 hivi. Kwa bar 200 inakupa karibu tani 64. Kwa bar 120 unabaki na tani 38. Eneo halipungui, kwa hiyo kilichopotea ni presha, nawe unatafuta inapopotelea. Presi inayoshuka polepole lakini ikifika inakandamiza vizuri ina ugonjwa mwingine: oili haifiki ya kutosha.

Usitafute uvujaji kwa kidole, hata siku moja. Oili inayochomoka kwenye tundu dogo la hosi hupenya ngozi. Alama yake ni ndogo na huenda isiume mwanzoni, lakini hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Pitisha kipande cha boksi. Na kabla ya kufungua chochote, teremsha kichwa cha presi kikae chini kwenye vyuma imara, zima stima, tia kufuli kwenye swichi kuu, achilia presha yote.

Anza na vya bure. Angalia kiasi cha oili tangini, kisha chota kidogo kwa glasi. Ikiwa nyeupe kama maziwa halafu ikatulia na kung'aa, kuna hewa inayovutwa, aghalabu kwenye mpira wa kunyonyea. Ikibaki nyeupe, ni maji. Pampu ikikwaruza kwa kelele, fungua chujio la tangini. Mara nyingi limeziba. Presi iliyo na nguvu asubuhi ikalegea saa nane mchana, oili imepata joto na kuwa nyepesi, inapenya pale palipolika. Usichanganye oili namba 46 na namba 68, namba zinazoonyesha uzito wa oili, kwa kukisia. Fuata kibati cha mashine.

Kama mota imetoka kusukwa upya, au fundi wa stima alipita jana, tazama inazunguka kwa upande wa mshale. Fezi mbili zikibadilishana, pampu huzunguka kinyume, haitoi kitu, na inajila yenyewe. Zima mara moja.

Sasa valvu ya kuachilia presha. Hapa ndipo naona watu wakiharibu: wanakaza skrubu mpaka mwisho wakidhani nguvu itarudi. Chembe moja ya chuma ikikaa kwenye kiti cha valvu, pale inapofungia, kukaza hakuitoi. Pima kwanza nyuzi za skrubu zilizo nje, ndipo ulegeze, utoe, usafishe, ukague springi na kiti.

Bado? Ziba njia ya kwenda silinda kwa plagi inayostahimili presha hiyo, lakini baada ya valvu hiyo ya kuachilia presha na kabla ya valvu ya kugeuzia, ile inayoelekeza oili ya kushusha au kupandisha presi; kamwe si kati ya pampu na valvu ya kuachilia, maana oili itakosa pa kwenda na kitu kitapasuka. Washa kidogo. Geji ikipanda hadi kiwango chake, pampu na valvu ya kuachilia ni nzima. Tatizo liko kwenye valvu ya kugeuzia au silinda. Presi kubwa yenye tangi juu ya silinda, ikishuka kwa kasi kisha ikakosa nguvu, shuku valvu ya kujazia, inayopitisha oili ya tangi hilo kuingia silinda: isipofunga, oili inarudi juu.

Kupima silinda, kichwa kikiwa chini kabisa, fungua hosi ya upande wa kurudishia, ziba upande wa valvu, simama mbali, sukuma. Matone ya kwanza ni mabaki. Ikiendelea kutiririka, sili ya pistoni, yaani mpira unaozuia oili kuipita, imekwisha. Ukienda kuinunua kwenye maduka ya vipuri ya Grogan, beba vipimo vya mfereji wake pia, kwa sababu sili iliyolika hudanganya. Na ukipitisha ukucha ndani ya silinda ukakwama kwenye mkwaruzo, sili mpya haitadumu.

Pampu iwe ya mwisho. Yenye pistoni, pima oili inayovuja kwenye mpira wake wa kurudishia uvujaji, ulinganishe na kipimo cha mtengenezaji.

Ukishafunga kila kitu, legeza skrubu ya valvu, washa, ukaze taratibu ukitazama geji hadi bar za kwenye kibati. Kaza nati ya kufungia, uandike tarehe na usomaji kwa rangi kando ya geji.